Ardhi Tuliyoachiwa: Tuiulize Kabla ya Kuijenga



Katika Kitabu cha Walawi Mungu aliwaagiza Waisraeli kuutakasa kila mwaka wa hamsini uwe mwaka wa jubilei. Baragumu ilipigwa katika nchi yote, watumwa walipata uhuru, kila mtu alirudi kwenye urithi wa jamaa yake, na mashamba yalipumzishwa bila kulimwa wala kupandwa. Basi tangu mwanzo jubilei ni jambo la watu, tena ni jambo la ardhi. Sisi tulioagizwa kuandika kurasa hizi za historia tulidhani kwamba kazi yetu itakuwa ya vitabu na ya picha tu. Lakini ardhi yenyewe ya parokia imetuita, nasi tumeona si haki kunyamaza.

1. Kiwanja kilicho nyuma ya kanisa la kale

Wote mnakijua kiwanja kilicho kati ya kanisa la kale na ukuta wa shule. Watoto huchezea mpira pale, na katika sikukuu kubwa waamini wanaotoka vijijini hupikia pale chakula chao. Halmashauri ya parokia imekusudia kujenga mahali hapo jumba la mikutano, liwe ukumbusho wa jubilei ya miaka mia. Nia hiyo ni njema, nasi tunaiunga mkono. Vijana wetu hukutana chini ya miti, na mvua ikinyesha hawana pa kukimbilia. Sadaka zimekusanywa, na matofali ya kwanza yamekwisha kuchomwa.

Tulipowauliza wazee habari za siku za kwanza, tulikuta jambo ambalo hatukulitafuta. Mzee mmoja alituambia kwamba kiwanja hicho kilikuwa bustani ya mboga ya mapadri. Mwingine alisema kwamba mafundi wa zamani walichimba pale udongo wa matofali ya kanisa. Mama mmoja, aliyewapita wote wawili kwa umri, hakukubali maneno yao. Alisema kwamba alipokuwa mtoto bibi yake alimkataza kukimbia mahali pale, kwa sababu wamelala watu. Tulipomuuliza ni watu gani, alijibu: «Ni wale waliokuja bila jamaa.»

Tulifungua kitabu cha wafu cha parokia. Katika kurasa zilizosalia tuliona majina na tarehe, lakini mahali pa kuzikwa hapakuandikwa. Maneno ya wazee hao watatu huenda yote ni kweli, kwa maana kiwanja kimoja chaweza kuwa makaburi, kisha shimo la udongo, kisha bustani. Lakini kwa anayetaka kuchimba msingi, maneno hayo hayana uzito sawa. Bustani yaweza kufunikwa bila hasara kubwa. Mifupa ya Wakristu wenzetu haiwezi kutupwa pamoja na kifusi.

2. Wale waliokuja bila jamaa

Ili tuyaelewe maneno ya mama yule, ni lazima turudi nyuma, hata kabla ya parokia yetu kuzaliwa. Karibu na mwaka 1875 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, alifika Kasongo katika Maniema na kuufanya mji ule kuwa makao yake. Kutoka kule misafara ilipeleka pembe za ndovu na watumwa hata Ujiji, Tabora na pwani ielekeayo Zanzibar. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa serikali ya Mfalme Leopold, wakiongozwa na Francis Dhanis, waliuingia mji wa Kasongo. Mganga wao Sidney Langford Hinde, Mwingereza, aliandika katika kitabu chake cha 1897 mambo aliyoyaona: vitanda vilivyochorwa, vyandarua vya hariri, vikombe vya fedha na vya kioo, mishumaa, sukari, baruti nyingi, na ghala za pembe.

Mambo hayo twayajua kwa sababu yameandikwa. Lakini ni nani aliyeandika habari za wale waliozibeba pembe hizo? Walikuwa wengi katika mji: wapagazi, wapishi, walimaji wa mpunga, wanawake waliotwaliwa katika vijiji vilivyochomwa moto. Walipika kwa vyungu, walivaa ushanga, walizaa watoto, walikufa wakazikwa. Katika maandiko wanaonekana kama hesabu tu, au hawaonekani kabisa. Alama walizotuachia ziko katika udongo, na pengine katika lugha hii tunayosali nayo, Kingwana, ambayo ililetwa na watu wa misafara ile na kupandwa katika vinywa vya wankambo wetu.

Mji wa kale wa Kasongo ulipoachwa, watu waliuita Tongoni. Jina hilo lina mafundisho. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu, nao wakahama. Mkulima wetu hulitambua tongo bila kuuliza kitabu, kwa udongo wake mweusi wenye majivu, kwa vigae vinavyogonga jembe, na kwa miti isiyojiotea yenyewe. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Kongo pamoja na wenzao wa Ulaya wameichunguza Tongoni. Wameunganisha hati za zamani, vitu vya ardhini na masimulizi ya wenyeji, nao walitoa taarifa yao moja mwaka 2020. Hivyo jina ambalo wenyeji walikuwa wamelitunza siku zote lilipata mashahidi wengine.

Eklezya yetu ilikuwamo katika historia hiyo. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1887 Kapteni Léopold Joubert alifika huko ili kuwalinda watu na wawindaji wa watumwa. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya ubaya wa utumwa. Katika misioni nyingi za kwanza za pande zetu, waliobatizwa mbele ya wengine walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwasimamia, na misioni ikawa jamaa yao. Kutoka eneo hilo la ziwa alitoka Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi mpya, aliyepewa upadri mwaka 1917. Jina lake twalitaja kwa heshima, na ndivyo ilivyo haki. Lakini kwa kila mmoja aliyeandikwa, ni wengi walioleta maji, walioimba kwaya, waliofundisha sala za kwanza kijiji kwa kijiji, wakafa bila kuacha mtu wa kusimulia habari zao.

Parokia yetu ilipoanzishwa, waliokombolewa utotoni walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima na wazee. Waliokuja bila jamaa walizikwa mahali fulani. Kama ni kiwanjani petu, basi sisi ndio jamaa yao.

3. Namna ya kuiuliza ardhi

Wengi hudhani kwamba elimu ya mambo ya kale, inayoitwa arkeolojia, ni kazi ya kuchimba. Kumbe kuchimba huja mwisho, tena kwa uchache. Mahali pakitakiwa kujengwa, wataalamu huanza kwa kupima tumaini la mahali pale, yaani kukadiria ardhi inaficha nini, kwa wingi gani, kwa kina gani, na kama imesalia nzima au imekwisha kuvurugwa. Kazi hiyo ina hatua nne.

Hatua ya kwanza ni hati. Lavigerie aliwaamuru mapadri wake kuandika kitabu cha kila siku katika kila misioni. Humo tunakuta mvua, magonjwa, wageni, ujenzi, na mara nyingi mazishi. Nakala nyingi za vitabu hivyo zimehifadhiwa Roma, katika nyumba kuu ya shirika. Tena sheria ya Eklezya inaagiza kila parokia kutunza vitabu vya batisimu, vya ndoa na vya wafu. Ramani ya zamani ya misioni, hata iliyochorwa kwa kalamu ya risasi, na picha moja inayoonyesha ua wa nyuma, zaweza kutuokoa na siku nyingi za kuchimba bure.

Hatua ya pili ni wazee. Inafaa kuwauliza mmoja mmoja, tena kiwanjani penyewe, wakionyesha kwa mkono. Mzee anayesema «kule» akiwa nyumbani, mara nyingi husema jambo jingine akisimama mahali pale. Wakipingana tusimchague anayetupendeza. Tuandike maneno ya wote, kwa maana kupingana kwao kwaweza kuwa alama ya nyakati mbalimbali.

Hatua ya tatu ni kutembea. Mvua ya kwanza huosha uso wa nchi na kuvifunua vidogo. Mtu hutembea polepole, mstari kwa mstari, akitazama chini. Vigae vyasema kwamba watu walipika. Mavi ya chuma yasema kwamba palikuwa na tanuru. Ushanga wa kioo wasema kwamba biashara ya mbali ilifika. Mashimo madogo yaliyodidimia, yaliyopangwa kwa mstari na yenye urefu wa mtu, yasema jambo zito zaidi. Sisi wenyewe tulitembea hivyo asubuhi moja. Tuliona vigae vingi upande wa shule, kipande cha kiko cha udongo, na ushanga mmoja wa buluu. Hatukuviokota. Tulisimika vijiti mahali pake na kuandika, kwa maana kitu kilichookotwa bila kuandikwa mahali pake kimekwisha kupoteza nusu ya ushuhuda wake.

Tena tusidhani kwamba historia ya mahali huanza na misioni, wala na misafara. Mwaka 1957 Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimba Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Katanga. Walikuta makaburi yenye vyungu vizuri, mapambo ya shaba na silaha za chuma. Uchunguzi uliofuata, hasa ule wa Pierre de Maret tangu 1974, umeonyesha kwamba watu walizika wafu wao katika bonde lile la Upemba kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika makaburi mengine walikuta misalaba midogo ya shaba iliyokuwa fedha ya wakati wake. Katika machache walikuta kauri zilizotoka Bahari ya Hindi, mamia ya miaka kabla ya Tippu Tip. Kumbukumbu ya wazee ni ndefu, lakini haifiki mbali hivyo. Yaliyobaki kusimulia ni udongo peke yake.

Hatua ya nne ni mashimo ya kupima. Ni machache na madogo, kwa kawaida ya mita moja kwa mita moja, yaliyotawanywa kwa mpango katika kiwanja. Jembe huwekwa kando, na kazi hufanywa kwa mwiko wa mwashi. Udongo hutolewa kwa matabaka membamba, kila tabaka hupitishwa katika chekeche, na kila kitu hutiwa katika mfuko wenye namba ya shimo na ya kina. Rangi ya udongo huandikwa. Shimo la kaburi, hata lililofukiwa vizuri, huonekana kama doa la rangi nyingine, kwa maana udongo uliochanganywa haurudi tena kuwa kama ulivyokuwa. Hapo mchimbaji husimama. Ametaka kujua kama kaburi lipo, naye amejua. Hana ruhusa ya kuendelea kwa tamaa ya kuona.

Makaa ya moto wa kale hupimwa umri kwa njia ya kaboni 14, iliyovumbuliwa na Willard Libby katika Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa mambo ya miaka elfu njia hiyo inatusaidia sana. Kwa mambo ya miaka mia mbili au mia tatu iliyopita inayumba, hata chupa moja, sarafu moja au ushanga mmoja waweza kutoa jibu lililo bora. Ndiyo sababu ushanga ule wa buluu si kitu cha kuchezea.

4. Mafundisho ya Ncha ya Gombe

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kuchimba kunaleta elimu, kwa nini tusichimbe kiwanja chote mara moja, tumalize? Jibu tunalipata Kinshasa.

Mahali pale ambapo mto Kongo unatoka katika bwawa pana na kuelekea maporomoko, pana ncha ya nchi iliyoitwa Kalina wakati wa ukoloni, na leo Gombe. Mwaka 1925 Mbelgiji Jean Colette alichimba hapo, akakuta mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana, moja juu ya jingine, na juu kabisa vigae. Aliyapanga kwa kina chake, akahesabu vipindi vinavyofuatana, akavipa majina ya mahali pale na ya jirani, kama Kalina na Ndolo. Kwa muda wa miaka hamsini wataalamu wa Afrika ya kati walitumia mpango huo kama kipimo.

Katika miaka ile mji ulizidi kupanuka. Padri Hendrik van Moorsel alizunguka uwanda wa Kinshasa akiandika mahali palipoonekana mawe ya kale, na mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Lovanium kilitoa atlasi yake. Tunapenda kumtaja mbele ya mapadri wageni wetu, wapate kuona kwamba kazi hii si ngeni kwa upadri. Bila daftari ya namna hiyo, mji hula historia yake bila hata kujua umekula nini.

Mwaka 1973 na 1974 Daniel Cahen alirudi Gombe kuchimba upya. Alifanya kazi ya uvumilivu mwingi: alitwaa vipande vya mawe kutoka vina mbalimbali akajaribu kuviunganisha, kama mtu aunganishavyo sahani iliyovunjika. Vipande vilikubaliana. Kipande cha juu kilishikana na kipande cha chini sana, navyo vilitoka katika jiwe moja lililopasuliwa siku moja na mkono mmoja. Maana yake vitu vilikuwa vimesafiri ndani ya mchanga. Mchwa, mizizi, na mchanga unaolowa na kukauka vilikuwa vimevitembeza juu na chini. Matabaka aliyoyaona Colette hayakuwa salama kama ilivyodhaniwa, na ule mpango wa vipindi vinavyofuatana ukatikisika.

Colette hakuwa mzembe. Alifanya kwa uangalifu yale yaliyojulikana wakati wake. Lakini kosa liliweza kutambulikana kwa sababu moja: sehemu ya ardhi ile ilikuwa imebaki bila kuguswa. Kama ncha yote ingalichimbwa mwaka 1925, au kama ingalifunikwa yote kwa majengo kabla ya 1973, tungaliendelea kufundisha kosa kama ukweli, wala pasingalikuwa na mahali pa kuuliza tena.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema katika jubilei hii. Ardhi ya kale husomwa mara moja tu, kwa maana anayeisoma huiharibu. Kwa hiyo mwenye hekima husoma kidogo, kiasi cha kumwezesha kuamua, na sehemu kubwa humwachia atakayekuja na macho mazuri zaidi.

5. Sanduku lisiloandikwa

Fundisho la pili latoka Roma, chini ya altare iliyo kuu kuliko zote. Baba Mtakatifu Pius XI alipokufa mwezi wa Februari 1939, kazi ya kutengeneza kaburi lake chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro iliwafunulia wafanyakazi kuta za kale. Pius XII aliamuru uchunguzi, nao uliendelea tangu 1940 hata 1949, wakati wa vita na baada yake. Chini ya kanisa walikuta mtaa mzima wa makaburi ya Warumi, ambao Kaisari Konstantino alikuwa ameufukia katika karne ya nne ili apate uwanja wa kujengea. Mwishoni mwa 1950 Pius XII alitangaza kwamba kaburi la Mtume Petro limepatikana.

Lakini kuhusu mifupa yenyewe mambo hayakuwa mepesi. Mifupa iliyokuwa katika ukuta mmoja ilitolewa na kutiwa katika sanduku, nayo haikuandikwa katika taarifa ya wachimbaji. Ilikaa ghalani miaka mingi. Bibi Margherita Guarducci, mtaalamu wa maandiko ya kale, alipoifuatilia, ilikuwa lazima kutafuta kwa shida ilitoka wapi. Tarehe 26 Juni 1968 Paulo VI alitangaza kwamba mabaki ya Mtakatifu Petro yametambuliwa kwa namna inayoweza kukubaliwa. Hata hivyo baadhi ya wataalamu hawajaacha kubishana, na mzizi wa ubishi wao ni lile sanduku lisiloandikwa.

Ikiwa jambo hilo liliweza kutokea mahali patakatifu namna ile, mikononi mwa watu wenye nia njema na elimu kubwa, je, sisi tutakuwa salama tukiwapa vijana wetu majembe siku ya Jumamosi na kuwaambia wachimbe msingi upesi kabla ya mvua?

6. Majibu matatu na shauri letu

Tukifuata hatua hizi nne, ardhi yaweza kutujibu kwa namna tatu.

Yaweza kujibu kwamba haina kitu, au kwamba kilichokuwamo kimekwisha kuharibiwa. Kama mafundi wa matofali walichimba kiwanja chote kwa kina, walikwisha kuondoa kila kitu, nasi tutakuta udongo uliofukiwa tu. Hilo nalo ni jibu. Tutaliandika, na tutajenga kwa moyo mweupe.

Yaweza kujibu kwamba inaficha vitu vya kale upande mmoja. Hapo tutasogeza jumba hatua chache, au tutaweka msingi usioenda chini sana, au tutawaita wataalamu wachimbe sehemu ile tu ambayo nguzo zitaiharibu. Jengo likiwa bado katika karatasi, kulisogeza hakugharimu kitu.

Yaweza kujibu kwamba watu wamelala pale, kama alivyosema mama yetu. Hapo tusiongeze maneno mengi. Kiwanja kitazungushiwa ua, kitabarikiwa, na jumba litatafutiwa mahali pengine.

Katika mambo yote hayo hatuko huru kutenda tupendavyo. Sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni katika nchi yetu. Anayetaka kuchimba mambo ya kale hana budi kupata ruhusa, na anayeyakuta kwa bahati hana budi kutoa habari kwa serikali. Tunayo Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1970, tunao wanafunzi wa historia katika vyuo vikuu vyetu, na tunaye Baba Askofu, ambaye bila ruhusa yake makaburi hayaguswi. Wao ndio wa kuitwa. Kazi yetu sisi ni kuwaandalia hati, masimulizi, na vijiti vyetu vilivyosimikwa.

Tunajua neno ambalo wengine watalisema, na ni neno la haki: «Wafu wamekwisha kufa, vijana wanahitaji jumba leo.» Sisi pia tuna watoto, na tumesimama nao mvuani. Tena hatuombi jumba liachwe. Tunaomba kiangazi kimoja. Hatua tatu za kwanza hazina gharama kubwa, maana zinataka miguu, daftari na subira. Hatua ya nne inataka watu wachache wenye ujuzi kwa siku chache. Tukichelewa kiangazi kimoja, jumba litachelewa kiangazi kimoja. Tukiharakisha na kukosea, kosa halitarekebishwa na jubilei yoyote ijayo.

Tena kuna mafundisho ambayo vijana hawatayapata katika jumba lolote. Yoshua aliposimamisha mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika Yordani, alifanya hivyo ili watoto wa baadaye waulize maana yake, na wazee wawe na jibu. Siku moja mtoto wa parokia hii atauliza ni nani waliolala nyuma ya kanisa. Tungependa apate jibu bora kuliko lile tulilolipata sisi katika kitabu chetu cha wafu.

Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri ya parokia mambo matatu. Kwanza, mtu yeyote asichimbe kiwanjani, hata shimo la nguzo ya mahema ya sikukuu, mpaka uchunguzi uishe. Pili, kila jamaa yenye picha, barua au ramani ya zamani ailete ofisini kwa padri, inakiliwe na kurudishwa kwa mwenyewe. Tatu, katika Misa Takatifu ya jubilei, baada ya kuyasoma majina ya maaskofu, mapadri, watawa na wakatekista marehemu, tunyamaze kidogo kwa ajili ya wale tusiowajua majina.

Waliokuja bila jamaa walikuta jamaa hapa. Tusiwafanye wageni mara ya pili. Mungu, aliyewaita kila mmoja kwa jina lake katika batisimu, hajasahau hata mmoja wao. Awape pumziko la milele, naye atusaidie kuitunza ardhi hii tuliyoachiwa, ili nasi tuiache bila kuona haya mbele ya watakaotufuata.

Tumsifu Yesu Kristu.